Darubini Ndani ya Belo

Mume wangu Kassian hakuwa na mwanamke wa Kichina. Hakuwa mlevi, hakuwa akikimbia msako wa viza, wala hakujitupa majini. Nayaandika haya kwa sababu yalisemwa Xiaobei, mtaa wa Waafrika mjini Guangzhou, China, yakafika Bukoba kabla ya jeneza lake, na mama mkwe wangu akayasikia siku ya mazishi kutoka kwa watu waliokuja kumpa pole. Nimesoma chuo kikuu, nimefundisha historia miaka tisa. Najua uongo ukiachwa bila kujibiwa, wajukuu huusoma kama kweli.

Kassian alifundisha baiolojia kabla hatujaingia kwenye biashara ya jinzi. Guangzhou tulikaa miaka kumi na moja, chumba kimoja ghorofa ya nane, binti yetu Careen akisoma Bukoba, kwa shangazi yake. Kila alfajiri, kabla maduka ya jumla hayajafunguliwa, Kassian alining'iniza darubini shingoni akaenda kwenye ziwa la Liuhua, ambako yangeyange hulala kwenye kisiwa kwa mamia. Tukienda viwandani Xintang kukagua mzigo, mimi nilibishana bei na laoban mwenye kiwanda, Kassian akawa dirishani akimtafuta mdiria juu ya mfereji wenye maji ya rangi ya jinzi. Kila ndege aliingia kwenye daftari: jina, tarehe, idadi.

Huko ziwani alikutana na Bi. Liang, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na minne, mwenye kofia ya ukindu na goti bovu. Alimfundisha majina ya ndege kwa Kichina. Huyo ndiye mwanamke.

Lakini mimi sikumjua wakati ule. Nilichojua ni kwamba tangu Novemba mume wangu alianza kutoka hata Jumapili, akikosa misa, na nikimuuliza ananijibu neno moja moja. Siku moja mgahawani Xiaobei, Rozina, mwenzetu wa kutoka Mwanza, aliniambia mbele ya meza nzima:

"Mama Careen, hivi shemeji alfajiri hununua nini? Nguo, au anayezivaa?"

Wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu mtu wa hadhi yangu haonyeshi kwamba amechomwa. "Anaangalia ndege," nikasema.

"Eeh, ndege! Wa miguu miwili, mwenye mkoba. Nimemwona kwa macho yangu, wamekaa benchi moja wanaonyeshana."

Nililipa chakula changu nikaondoka bila kukimaliza.

Wafanyabiashara wenzangu mnaijua desturi yetu ya kuchomeka. Belo la jinzi halishonwi kabla mwenyewe hajachomeka katikati kitu cha nyumbani: viatu vya mtoto, blenda, mashuka ya mama. Jumanne iliyofuata nilikuwa nasimamia mabelo yetu godauni. Nilichukua darubini ya Kassian, nikaizungushia suruali mbili, nikaichomeka, nikasimama pale mpaka fundi alipopiga mshono wa mwisho. Niliwaza kwamba akikosa kisingizio atakaa nyumbani.

Jumatano alfajiri alianza kuitafuta. Alipekua masanduku, akainua godoro, akamwaga sampuli zote za suruali sakafuni.

"Odilia, umeiona darubini yangu?"

"Sijaiona."

Alitafuta hadi saa tatu. Nilimwona akipapasa ukingo wa meza kwa mkono, kama mtu aliye gizani, na taa zilikuwa zinawaka. Kisha akaketi katikati ya suruali zile, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata alipomzika baba yake.

"Nina presha ya macho," akasema. "Wameniambia tangu Novemba. Pembeni sioni tena, nimebakiwa na tundu la katikati tu, nalo linaziba. Sikukwambia kwa kuwa ungeacha kila kitu uanze kunihangaikia. Nilitaka nimwone yule ndege, domomwiko mwenye uso mweusi, kabla sijapofuka. Yuko Nansha, kwenye tope la pwani, huondoka mwezi huu wa tatu. Mwaka ujao sitakuwa na jicho la kumwonea."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Badala yake nilivaa viatu nikakimbia kwa Abdulwakil, Mmombasa aliyekuwa wakala wetu wa mizigo.

"Lifungue kontena."

"Bi. Odilia, lishatiwa lakiri. Lishakwenda Nansha bandarini, lasubiri meli."

"Basi twende Nansha."

"Hata ningekuwa mwenye meli, lakiri haikatwi hadi Dar. Kwani mumetia nini humo, dada? Dhahabu?"

"Darubini."

Alicheka, kisha akaniona nimepiga magoti sakafuni, juu ya vipande vya utepe wa maboksi, akanishika mkono. "Wallahi ningekuwa na uwezo," akasema. "Inuka, dada yangu. Watu watazama."

Kweli watu walitazama. Ndiyo maana mlisikia kwamba nilipiga magoti nikiomba mume arudishwe kutoka kwa mwanamke.

Jioni ile nilinunua darubini nyingine, nzuri kuliko ile. Niliificha chini ya kitanda. Kama ningempa siku hiyo, angeniuliza ya kwanza iko wapi, nami sikuwa tayari kuitwa mwizi na mwongo na mtu aliyeniheshimu miaka ishirini na mbili. Nikajiambia nitampa Jumapili, siku yake ya kuzaliwa, kama zawadi. Zawadi haihojiwi.

Ijumaa Bi. Liang alimpigia simu: domomwiko wapo, ila wanaweza kuondoka siku yoyote, yeye goti limemzuia. Jumamosi nilipoamka Kassian hakuwapo.

Mfugaji wa samaki wa kule Nansha ndiye aliyenieleza, nami Kichina chake nilikielewa neno kwa neno. Ndege walikuwa mbali, ng'ambo ya tope, madoa meupe tu. Alimwona Mwafrika akivuka uzio, akitembea polepole kuwafuata, mkono juu ya paji la uso. Maji yalikuwa yanapanda, yakijaza mfereji ubavuni mwake. Mtu mwenye macho mazima angeyaona. Mfugaji alipiga kelele, akapunga kofia. Kassian alikuwa akitazama mbele.

Daftari lilikutwa ukingoni, limefungwa kwa mpira. Ukurasa wa mwisho una tarehe na jina: domomwiko uso mweusi. Mahali pa idadi ni patupu. Sijui kama aliwaona. Nimemuuliza mfugaji mara tatu, naye hajui. Bandari lilikokuwa kontena letu iko Nansha hiyohiyo.

Darubini ya pili ninayo hapa Bukoba, ndani ya boksi lake. Ya kwanza ilifika baada yetu, na Careen ndiye aliyelifumua belo. Aliishika kwa mikono miwili akaniuliza imeingiaje humo.

Leo nimemjibu. Mwingine yeyote asiniulize. Sisemi zaidi.