Huyu Haambiwi Alale

Nilipokuwa mtoto hakuna aliyenishinda kurusha mawe, kuanzia Awendo mpaka ziwani, na anayebisha alete jiwe lake. Shule niliiacha darasa la sita, lakini shabaha haifundishwi darasani.

Kando ya barabara yetu ya murram, katikati ya miwa, palikuwa na rundo la mawe. Hapo ndipo alipouawa Odiyo, fundi wa baiskeli, kabla sijazaliwa. Alikuwa amekataa kuhama shamba lake. Asubuhi moja wakamkuta amepasuliwa kichwa, baiskeli imelala juu yake. Kijiji kizima kilijua ni nani aliyelitaka lile shamba. Kesi haikufika popote.

Basi kila mpita njia aliokota jiwe, akalitupa pale na kusema kwa Kijaluo, "Chiew!" Yaani, amka. Dani, nyanya yangu, ndiye aliyenifundisha.

"Wafu wengine tunawaambia walale. Huyu hapana," alisema. "Akilala yeye, aliyemuua naye atalala."

"Na nikipita bila kurusha?"

"Atakufuata nyumbani akuulize una haraka ya nini."

Tena akaniambia kwamba mkono uliomuua hauwezi kuongeza jiwe pale. Utakataa.

Jumapili moja baada ya kanisa, Bwana Lori alituita pale barabarani. Tulimwita hivyo kwa sababu malori yote ya kubeba miwa yalikuwa yake. Shamba la Odiyo pia lilikuwa limeshakuwa lake. Alileta mkate, soda, na bamba la simiti lililoandikwa LALA SALAMA. Mawe haya ni ushirikina, akasema, yanatisha watoto. Vijana wake wangeyaondoa, kumbukumbu ya kisasa ikae hapo.

"Haya, tuseme wote: Odiyo, nind." Lala.

Watu wakanung'unika kitu chini chini. Nani alitaka miwa yake ikaukie shambani kwa kukosa lori? Min Atieno, mjane wa Odiyo, alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

Mimi nikapaza sauti, "Bwana Lori, mbona wewe hujawahi kurusha jiwe?"

Soda ziliacha kunywewa. Halafu Dani akacheka kile kicheko chake cha kuku. "Mtoto ameuliza swali. Rusha, jaduong', mzee wetu! Mtu mzima mwenye malori anashindwa na jiwe?"

Min Atieno akainama, akaokota moja, akamnyooshea. "Shika, shemeji. Ni jiwe tu."

Alilishika. Mkono ukapanda mpaka usawa wa bega, ukagoma hapo, jasho likimtoka, na jiwe likamwangukia kwenye kiatu. Wengine husema alikuwa na ugonjwa wa viungo. Mimi nilikuwa mbele kabisa, na macho yangu yalikuwa ya mwewe. Mkono ulikataa. Kama kuna kitu nimeongeza miaka hii yote, ni jasho tu.

"Chiew!" Min Atieno akapiga kelele, sauti ambayo hatukujua anayo. Tukaitikia wote, hata waliokuwa wameshika soda zake. Bwana Lori akaingia garini. Akina mama wakalibeba lile bamba, wakalitupa juu ya rundo, maandishi yakiangalia chini.

"Hili nalo ni jiwe," Dani akasema.

Msimu ule hakuna lori lililokuja kwetu. Miwa ilikauka, tukala viazi vitamu mpaka tukachukia rangi yake, na sikusikia mtu akienda kuomba radhi.

Watoto wangu waliosoma wananiambia yule mtu aliogopa watu, hakuogopa mzimu. Sawa. Lakini kabla ya siku ile, ni mtu gani aliyewahi kumtisha?

Hakuna aliyeshtakiwa mpaka leo. Mwaka jana Bwana Lori alizikwa kwa heshima zote, na mimi nilikwenda. Mhubiri alipotuomba tuseme pamoja kwamba mzee alale kwa amani, upande wetu wa hema tulifunga midomo. Akarudia, akidhani hatukusikia. Tulikuwa tumesikia.