Nyumba Waliyoifungua Mara Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na blanketi. Nilikuwa nimeambiwa kwamba shirika lile linasaidia akina mama wajawazito, na mimi, niliyelelewa Kaloleni hapa Voi na baba fundi wa reli, nilidhani msaada ni kitu cha kubeba mkononi. Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya kinu cha posho. Mratibu wetu, nesi mstaafu tuliyemwita Sista, alilitazama blanketi, akanitazama mimi, kisha akanisukumia kitabu kinene cha makadirio ya bajeti ya kaunti.

"Hiyo blanketi weka kwa kabati," alisema. "Kazi yako ni kusoma hii. Hapa hatugawi msaada, Mama Nekesa. Tunafuata kodi ya watu mpaka iwarudie."

Nilisoma kutwa nzima na sikuelewa hata ukurasa mmoja. Cheo changu kiliitwa afisa wa uhusiano na serikali. Ninyi mnaofanya kazi hii sasa mna kompyuta na semina za hotelini, lakini sisi tuliisomea kwenye korido za wakubwa, tukisubiri kuitwa. Nawaandikia kwa kuwa nawaona mkikosea palepale tulipoumia sisi, na kwa kuwa nina hasira ambayo kustaafu hakujaipunguza.

Tulikuwa tumejenga nyumba ya kungojea hapa mjini. Kwa asiyeijua, hiyo ni nyumba iliyo karibu na kituo chenye chumba cha upasuaji, ambamo mama wa mbali huja kukaa wiki za mwisho za mimba yake. Mama wa Kasigau uchungu ukimshika usiku hana gari, na hata akipata bodaboda, ndovu wako barabarani. Kwa hiyo anakuja mapema na kungoja kwenye kitanda safi hatua chache kutoka kwa daktari. Wafadhili walitoa pesa za kuijenga nyumba, wakapiga picha, wakaenda zao. Mfadhili hupenda ukuta. Chakula, maji na mshahara wa bawabu havimvutii, na bila hivyo nyumba ni ghala tu. Vitu hivyo vilipaswa kutoka kwenye bajeti ya kaunti.

Basi Sista akanifundisha kalenda. Wananchi, na mashirika mengi vilevile, hujitokeza kwenye mikutano ya kutoa maoni bajeti inapokaribia kupitishwa, mwezi wa sita. Wanapiga kelele, wanapewa soda, wanarudi nyumbani. Kumbe mambo yalikwisha kitambo. Bajeti huanza karibu mwaka mzima kabla, kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka, na kisichoandikwa humo hakina pa kuingilia baadaye. "Mwezi wa sita ni wa kuosha masufuria," Sista alikuwa akisema. "Sisi tutaenda wakati mahindi bado yanachambuliwa." Ndiyo maana nilizoeleka Mwatate, Wundanyi na Taveta, nikihudhuria vikao ambavyo hata wenye vikao walikuwa wakisinzia.

Kisha likaja suala la kasma. Kasma ni fungu la bajeti ambalo pesa zake zimetengwa kwa kazi moja. Mwenyekiti wetu, mwalimu mkuu mstaafu na mtu mwema, alitaka tuingizwe kwenye ruzuku, yaani pesa zije moja kwa moja kwenye akaunti ya shirika. Sista alikataa katakata.

"Mwalimu, ruzuku ni zawadi," alimwambia mbele yetu sote. "Aliyekupa akianguka kura, anaondoka nayo. Nataka nyumba iandikwe chini ya idara ya afya, kama dawa na glavu. Pesa zisitupitie hata kidogo."

"Na sisi tutaonekana wapi?" Mwenyekiti akauliza.

"Tusionekane. Wamama ndio waonekane."

Walibishana majuma mazima. Mwishowe Sista alishinda, na nyumba ikaingia kwenye kasma ya afya. Mkubwa wa kaunti wa wakati ule alikuja kuifungua kwa utepe na ngoma. Ukuta ulipakwa rangi ya chama chake, na kando ya mlango likabandikwa bamba la jiwe lenye jina lake. Sista aliliangalia lile bamba akatikisa kichwa. Alistaafu mara ya pili mwaka huohuo, nami nikakalia kiti chake.

Miaka ikapita, nyumba ikafanya kazi yake. Kisha uchaguzi ukaja, na mkubwa akaanguka. Serikali mpya iliingia na watu wake wote, mpaka wa kujibu simu. Wale makarani niliowajua kwa majina ya watoto wao walihamishwa. Nilianza upya kwenye korido, na hilo halikunisumbua, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Mwambie mgeni nyumba ni ya nini, mpeleke aione, usimtaje aliyemtangulia. Nilimpeleka mkurugenzi mpya aliyekabidhiwa mambo yetu, kijana aliyevaa suti siku ya jua kali. Hakuuliza wamama wanakula nini wala maji yanatoka wapi. Alisimama mbele ya bamba akasoma lile jina.

"Hii itabidi tuangalie," akasema.

Wiki chache baadaye nilikuwa Taveta kwenye kikao cha mpango wa mwaka. Niliporudi nilikuta kufuli kwenye mlango wa nyumba ya kungojea. Bawabu aliniambia watu wa ofisi ya mkurugenzi walikuja na gari, wakawaambia wamama wafunge virago, wakawapa nauli. Mmoja wa wamama hao alikuwa Wakesho wa Kasigau. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na daktari alikuwa amesisitiza kwamba wa pili asijaribiwe mbali na hospitali. Alikuwa amepanda bodaboda akarudi kwao na mimba yake ya miezi minane. Nilimpigia simu, hakupatikana.

Asubuhi yake nilikuwa ofisini kwa mkurugenzi kabla yeye hajafika.

"Madam, hiyo nyumba inafanyiwa ukarabati," alinieleza.

"Ukarabati gani?"

"Rangi. Halafu Mheshimiwa ataifungua rasmi."

"Mbona ilishafunguliwa? Watoto waliozaliwa wakati ule sasa wako shule."

"Ilifunguliwa na serikali ingine." Alisema hivyo kwa upole, kama anayemfafanulia mtoto. "Sasa elewa itifaki. Watu hawawezi kuwa wanalala mahali Mheshimiwa hajafungua."

Nilimwomba chumba kimoja tu cha nyuma, nikiahidi kwamba hakuna mgeni atakayekiona. Nilimweleza habari za Wakesho na upasuaji wake. Akaniambia ni suala la siku chache. Nilituma gari letu Kasigau kumrudisha, nikiwa na nia ya kumlaza sebuleni kwangu. Dereva alirudi bila yeye. Mume wake alikuwa kwenye shamba la mkonge Mwatate, na mama mkwe alisema mkazamwana wake hawezi kuchukuliwa kama mzigo, leo atolewe kesho arudishwe, mpaka mumewe mwenyewe afike. Sikuweza kumlaumu yule mama.

Rangi ilikauka kwa siku mbili. Mheshimiwa alikuwa Nairobi. Tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena, kwa sababu hema halijapatikana, kwa sababu kuna mazishi ya mtu mkubwa. Vitanda vilikuwa vimetandikwa, maji yanatoka, bawabu analipwa, na kufuli liko mlangoni. Sijawahi kuona ujinga uliopangwa vizuri namna ile.

Uchungu ulimshika Wakesho usiku. Walimbeba kwa bodaboda mpaka barabara kuu, wakangoja gari hadi kulipokucha. Alifika kwa daktari akiwa hai, na madaktari walihangaika wakamwokoa. Mtoto alikuwa ameshafariki, msichana. Nilimkuta wodini amegeukia ukuta, nikakaa naye.

Siku ya ufunguzi ilipofika hatimaye, mtu wa itifaki alinipigia simu asubuhi. Alitaka nipeleke wamama wajawazito wa kulala kwenye vitanda ili wapigwe picha. Nilimuuliza kama anataka wale waliofukuzwa au wengine. Akasema nitapewa nafasi ya kutoa neno la shukrani.

Nilikwenda. Utepe ulikatwa, bamba jipya likafunuliwa palepale pa lile la zamani, ngoma ikachezwa. Nilipoitwa nilisimama, nikawasalimu wageni kwa vyeo vyao kama nilivyofundishwa, kisha nikasema, "Kabla sijashukuru, nataka mjue kwamba nyumba hii ilifungwa ili ifunguliwe, na kuna mtoto wa Kasigau amezikwa kwa sababu hiyo." Kipaza sauti kilikatwa. Nilikuwa na sauti ya kutosha kwa hiyo nikamaliza bila hicho. Mheshimiwa alitazama simu yake.

Malipo ya maneno yale yalikuja kwenye bajeti ya nyongeza. Hapo ni katikati ya mwaka, wakubwa wanaporekebisha hesabu, na kasma isiyo na mtetezi huhamishwa kimyakimya. Walijaribu kuifuta yetu. Lakini haikuwa yetu. Ilikuwa ya idara ya afya, na kuiondoa walipaswa kusimama mbele ya wawakilishi wa wadi waseme wazi kwamba wanawanyima wajawazito chakula. Nilizunguka kwa wawakilishi hao mmoja baada ya mwingine, wa chama hiki na cha kile, nikimuuliza kila mmoja ni wamama wangapi wa wadi yake wamelala pale. Hakuna aliyethubutu kuinua mkono kuifuta. Shirika letu lenyewe lilinyimwa kila mwaliko tangu siku hiyo, na Mwenyekiti alilalamika mpaka akajiuzulu. Nyumba ilibaki.

Kwa hiyo mkiniuliza siri ya kufanya kazi na serikali zinazobadilika, nitawaambia muingie mapema, muiweke huduma chini ya idara na siyo chini ya mtu, mjuane na wawakilishi wa pande zote, na msikubali jina la mtu yeyote ukutani, hata aliyewasaidia kwa moyo mweupe. Lakini msidhani hayo yanatosha. Yaliilinda kasma, hayakumlinda mtoto wa Wakesho. Watu walioifunga ile nyumba hawakuvunja sheria hata moja, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Walipandishwa vyeo. Mimi niliagwa kwa saa ya ukutani na maneno matamu.

Wakesho alipata mtoto mwingine, mvulana, na safari hiyo alikaa kwenye nyumba ya kungojea tangu mimba ilipofika miezi saba. Sasa yeye ndiye mpishi wa pale. Aliniuliza siku moja, akimenya viazi, "Mama Nekesa, huyu Mheshimiwa akianguka, wakija wengine watawatoa wamama tena?" Nilimwambia hawawezi. Alinitazama, akaendelea na viazi vyake.

Uchaguzi unakaribia tena. Juzi Wakesho alinipigia simu asubuhi, nikatoka Kaloleni kwa miguu. Nilikuta vijana wawili na ngazi, wanakwangua rangi ya mbele, na mwingine amesimama mlangoni na kufuli mkononi. Alikuwa na adabu. Alisema ametumwa tu, Mheshimiwa yuleyule anakuja kuizindua upya kabla ya kura, na nyumba inatakiwa iwe tupu kabla ya saa sita.

Nilimwomba Wakesho kiti. Alileta viwili. Tuliviweka kwenye kizingiti, tukaketi, na nyuma yetu wamama wakatoka vyumbani mmoja mmoja wakaja kusimama, wameshika viuno.

"Sasa mama, niwaambie nini ofisini?" yule kijana akauliza.

"Waambie haiko tupu," Wakesho akamjibu.

Tulikaa hapo jana, na leo pia. Naandika haya nikiwa kwenye kile kiti.