Mikeka Miwili Mwaloni

Mwezi uliopita nilivuka ziwa kwenda Kongo, kwenye harusi ya mtoto wa ndugu yangu. Wakati wa kurudi, binti mmoja wa forodha alifungua begi langu kwa adabu akakuta kitenge kipya, bado kina karatasi yake ya dukani. "Ni hiki tu, mama?" Nikamwambia ni hicho tu. Akafunga zipu kwa mkono wake. "Kimoja ni matumizi binafsi. Pita tu, mama, pole na safari." Nilitakiwa kushukuru na kwenda kutafuta gari la Mpanda. Badala yake nilikaa juu ya begi pale pale mlangoni, watu wakinikwepa, mpaka yule binti akaja kuniuliza kama presha imepanda. Nikamjibu ni jua. Wewe, kwa kuwa tunajuana siku nyingi, nitakwambia ukweli.

Nilikulia kwenye mwalo mdogo, pale zinapotua boti za wavuvi, mwendo wa miguu kutoka Ikola, kwa bibi mzaa mama. Kazi yangu asubuhi ilikuwa kugeuza dagaa mchangani na kufukuza kunguru, na ile harufu ilinifuata hadi darasani, ingawa hakuna aliyenicheka kwa sababu tulinuka wote. Mchana ni ugali wa muhogo na samaki wetu wa ziwani, mgebuka, aliyepikwa kwa mawese, rangi inabaki kwenye vidole mpaka jioni. Ng'ambo kwetu haikuwa nchi ya watu wengine. Ng'ambo ndiko alikoolewa mdogo wake bibi, ndiko vilikotoka vitenge, na wenye boti walikwenda na kurudi kama watu wa kijiji kimoja wanaokwenda mashineni kusaga.

Kati yetu na ng'ambo alisimama bwana forodha. Alikuwa kijana kutoka mkoa wa mbali, mwembamba, na kibanda chake cha bati kilikuwa na meza, kiti na bambo, kile chuma chenye ncha wanachochomea magunia kuona kilichomo. Kila gunia lililoshuka botini alilichoma. Unga ukimwagika, dagaa wakikatika, hilo halikumhusu. Akikuta nguo mpya ndani ya mahindi, anachukua zote, na mwenye mzigo anabaki na mahindi yenye tundu. Wanawake wa mwalo walimchukia sana, na kwa kuwa hawakuwa na la kumfanya, walimcheka: miguu yake, lafudhi yake, namna alivyokula samaki akiogopa miiba.

Bibi ndiye aliyebuni dawa yake. Wanawake wa jumuiya walitaka sare ya Pasaka, na vitenge vya kuwatosha wote visingepita kwenye lile bambo. Basi bibi akavuka na wenzake wawili, na mimi nikachukuliwa. Kwa nini mimi? Kwa sababu nilijua kulia. Bibi alikuwa amenifundisha uani siku nne nzima, akinisahihisha kama mwalimu wa kwaya. "Usianze juu. Anza chini, halafu ukiona watu wamegeuka, ndipo upande. Na kamasi usifute, mjukuu wangu. Kamasi ndiyo inayoaminika."

Tulirudi na majora ya vitenge yaliyoviringishwa ndani ya mkeka, yamefungwa kamba sehemu tatu, yamepata urefu wa mtu. Boti ilipogusa mchanga nililia. Nililia vizuri mpaka wavuvi wasiojua lolote walivua kofia. Bwana forodha alitoka na bambo lake, akaona mkeka, akaona mimi na kamasi zangu, na uso wake ukabadilika. Akaliegemeza bambo kibandani. "Poleni sana, mama zangu. Ni nani?" Bibi akamwambia ni wifi yake, atazikwa kijiji cha juu. Yule kijana akavua kofia, akainama, akaingiza bega lake chini ya mkeka upande wa kichwani, akasaidia kuubeba mpaka juu ya kilima cha kwenda kijijini, jasho linamtoka, na alipoutua aliutua polepole.

Tulicheka wiki mbili. Mtu akitaka kuchekesha wenzake kisimani, aliigiza jinsi bwana forodha alivyotua jora la kitenge asije akaliumiza. Mimi nilikuwa shujaa. Nilipewa kipande cha kitenge kilekile nikashonewa gauni, na siku ya Pasaka wanawake waliingia kanisani wamevaa rangi moja, kijani yenye ndege wa njano, bwana forodha amekaa benchi la nyuma akiwatazama.

Baada ya misa alinifuata nje, penye watu. Aliniuliza kwa upole tu, "Gauni zuri. Kitenge kimetoka wapi?" Ningeweza kusema Mpanda. Nilikuwa na miaka kumi, nilijua kabisa kwamba jibu ni Mpanda. Lakini wanawake walikuwa wamesimama pale, nami nilishazoea kuchekesha. Nikamwambia, "Ndiye yule marehemu uliyembeba." Uwanja mzima wa kanisa ulicheka, bibi akashika mbavu. Bwana forodha naye alicheka kidogo, akatazama chini, akaondoka. Baadaye tulisikia wakubwa zake walimtoa jasho, na wenzake wa vituo vingine walimpa jina ambalo sitaliandika hapa.

Mwaka uliofuata, nyakati za kuvuna muhogo, bibi alivuka kumtazama mdogo wake. Nilikwenda naye. Siku ya tatu akashikwa na homa, siku ya tano akafa, akiwa ameniomba maji na mimi nimechelewa kuyaleta kwa sababu nilikuwa nacheza. Upande wa bibi, mtu akifia kwa ndugu, kila mwanamke wa ukoo humfunika kwa kitenge kipya ambacho hakijapata kuingia majini, na hakivuliwi tena, anakwenda nacho. Wanawake wa kule walikuwa kumi na mmoja. Vitenge kumi na moja, halafu mkeka, halafu kamba sehemu tatu.

Tulifika mwaloni asubuhi, jua limeshaanza kuwa kali. Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa mchangani na wanawake wote, maana habari zilitangulia. Bwana forodha alitoka kibandani na bambo mkononi. Safari hii hakuliegemeza popote.

"Afande, ni mama yetu," mama mkubwa akasema.

"Najua. Mama yenu ana majora mangapi leo?"

Mama mkubwa akapiga magoti kwenye maji. Akamwambia yale ya mwaka jana ni makosa, adhabu tutaipokea, lakini huyu ni maiti kweli, na kwa jua hili anatakiwa kuzikwa mapema. Bwana forodha alikuwa ananitazama mimi. Nilikuwa nalia tangu ng'ambo, sauti imekwisha, kamasi zimefika kidevuni na sikuwa na habari nazo.

"Huyu namkumbuka," akasema. "Huyu analia vizuri."

Akachoma. Bambo lilipita mkeka, likapita vitenge, likasimama. Akalivuta, akatazama ncha yake kwa muda. Hapo alijua. Nilikuwa mbele yake, niliuona uso wake, na nakwambia bila shaka yoyote kwamba alijua. Wote tulingoja avue kofia. Akaifuta ile ncha kwenye mchanga, pande zote mbili, akasema, "Fungueni."

Wakafungua. Vitenge vilitolewa kimoja kimoja, mama mkubwa akimgeuza mama yake mzazi ubavu huu na huu mbele ya wavuvi, naye bwana forodha akivikunja vizuri na kuvipanga mezani. Ni nguo mpya, alisema, hazina risiti. Vilipobaki viwili alichukua kimoja. Cha mwisho alikishika pindo kidogo, akakiachia. "Kimoja ni matumizi binafsi," akasema. "Marehemu apite." Jirani yetu alifungua khanga kiunoni mwake akamfunika bibi miguu, akapanda kilima na gauni la ndani.

Mimi nilikuwa nimenyamaza. Bwana forodha akaniuliza, "Mbona umeacha?" Tangu siku ile sijalia msibani. Nilimzika mama yangu macho makavu. Nasikia shemeji zangu wanasema nina roho ya chuma, na siwabishii.

Mwalo ule haupo. Ziwa lilipanda, likameza kibanda, likameza mchanga wa dagaa na nusu ya njia ya kilimani. Siku hizi kuna magati ya zege kwingineko, na mabinti wenye miwani wanaosema pole na safari. Bwana forodha alihamishwa, na niliambiwa na mtu wa kwao kwamba amekwisha kufa. Niliuliza alizikwa na nguo ngapi. Yule mtu alinishangaa.

Ningependa kumchukia moja kwa moja nikapumzika. Lakini kila nikianza namwona yuko chini ya mkeka wetu wa uongo, kofia mkononi, anapanda kilima na majora ya sare ya Pasaka, na anaponitazama nikilia ananiambia kwa sauti ya chini, ambayo wanawake hawakuisikia na mimi sikupata kumsimulia mtu: "Nyamaza, mdogo wangu. Na mimi nimemzika bibi yangu juzi."