Siku Chifu Alipotangaza Kwamba Hatuna Serikali

Msicheke mpaka nimalize, maana nikiona meno nitaacha katikati, na haya mambo nimeyafungia kifuani miaka yote hii nikidhani yamesahaulika, kumbe juzi tu pale stendi ya Kisumu mwanamume mzima mwenye ndevu na mkoba wa ngozi ananisimamisha mbele ya watu, anainua kidole kimoja juu, anauliza kwa sauti, "Madam, bado uko kwa ile laini?" Nikajifanya simjui. Namjua sana, anaitwa Otieno, nilimfundisha mwenyewe, na babake mzazi mtamwona huko mbele.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa mlolongo. Kama ulizaliwa juzi nikueleze: wapiga kura walipangwa kiwanjani nyuma ya mtu aliyeshika picha ya mgombea wao, mchana kweupe, afisa akapita akihesabu vichwa, kwa hiyo mwenye nyumba wako alikuona, pasta wako alikuona, na mumeo alikuona umesimama nyuma ya nani. Halafu mlolongo wa bwana fulani unafika mpaka mtoni, wa mwenzake ni kijipande tu cha watu na kivuli chao, na anayetangazwa mshindi ni nani? Mwenye kijipande. Sisi tukapiga makofi, tukaenda nyumbani kula. Ndivyo tulivyokuwa.

Mimi nilikuwa mgeni katika shule moja ya harambee mbele ya Kisian, kiwanja chake kinapakana na barabara ya Busia. Kabla ya hapo nilikuwa nimefundisha kaskazini mbali kabisa, mahali ambapo barua ilifika ikiwa imezeeka, huku mume wangu akiwa fundi wa mitambo pale bandarini Kisumu na mtoto wetu akilelewa na mama mkwe kule Ahero. Nilipokuwa nikija likizo mtoto alikuwa ananisalimu "Anti". Anti! Mtoto niliyemzaa mwenyewe! Nilipopata uhamisho nililia kama nimefiwa, nikaapa kwamba hapa nitafunga mdomo, nitafundisha historia yangu, nitakula samaki wangu na mume wangu, maana miaka ile barua moja tu ya Chifu, mistari miwili, "huyu mwalimu anachochea wanafunzi", ilitosha kukurudisha kaskazini, na hapo ni kama ulikuwa na bahati.

Sasa mniambie, mtu aliyeapa hivyo anafanyaje nilichofanya?

Mada ilikuwa itikadi za kisiasa, kidato cha tatu, kitabu kimoja cha darasa zima na kurasa zake nusu zimefungia njugu sokoni. Nilikuwa nimesimama ubaoni nasoma ubepari ni nini, ujamaa ni nini, na darasa linasinzia, hata nzi wamechoka, ndipo msichana mmoja mkali aliyeitwa Adhiambo (yule ambaye kila mwalimu humwombea awe mgonjwa siku ya inspekta) akainua mkono.

"Madam, hizi vitu zote si ni sawa tu? Mtu atajuaje yake ni gani?"

Nikaweka chaki chini. Nikaweka miwani sawa. Nikasema maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka natamani kujifunika blanketi: "Itikadi ni pale mtu anaposimama, na hata akisukumwa hasogei." Nikayapenda mno, nikayarudia. Halafu, kwa sababu niliona wameamka na sifa zimenipanda kichwani, nikaongeza, "Tokeni nje. Leo kila mtu atasimama kwa itikadi yake."

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Hedimasta alikuwa amekwenda mjini kutafuta chaki, hakukuwa na wa kunizuia.

Nikachagua wagombea, nikawapa makaratasi wachore picha, kama kwenye uchaguzi wenyewe. Ubepari akachora duka lenye kufuli: mali ni ya mwenye nayo, biashara iwe huru, faida ni yako, serikali isiingize pua. Ujamaa akachora gunia la mahindi na mikono mingi: viwanda, ardhi na vitu vikubwa ni vya wote, tugawane. Ukomunisti akachora sufuria kubwa: hakuna tajiri wala maskini, hakuna tabaka, kila mtu anafanya anavyoweza na anakula anavyohitaji. Uhafidhina akachora kigoda cha mzee: tusiharakishe kubadilisha mambo, tuheshimu familia, kanisa na mila. Uliberali alichora mdomo uliofunguliwa: mtu ana haki zake, aseme analofikiri, na sheria iwe juu ya wakubwa pia (huyu nilimwambia ahutubu polepole, akiangalia upande wa choo). Ikabaki itikadi ya wale wasiotaka serikali yoyote, hakuna aliyeitaka, nikamsukumia Otieno, mtoto wa Chifu, aliyekuwa amejificha nyuma akitafuna muwa. Akachora kiti kilichopinduliwa, miguu juu.

Mimi nikakiona kile kiti. Nikakiona kwa macho yangu haya, miaka ile ambayo mtu hakuthubutu kutamka neno la kupindua hata akigeuza chapati, na nikasema, "Vizuri sana, Otieno."

Watoto wakajipanga. Ilikuwa karibu saa ya chakula, kwa hiyo sufuria ikapata mlolongo mrefu kuliko wote. Nyuma ya Otieno walisimama rafiki zake wawili na mmoja aliyekuwa anamdai muwa.

Sasa, jambo ambalo sikulijua ni kwamba siku hiyo hiyo Chifu alikuwa na baraza pale mbele kidogo, D.O. mwenyewe, mkuu wa tarafa, anakuja, na watu wote wa lokesheni, yaani eneo lake Chifu, walikuwa wanapita barabarani kuelekea huko. Wanaona nini? Laini. Na nyinyi mnatujua, mtu wa kwetu akiona laini haulizi, anaingia kwanza, sababu ataijulia ndani, maana siku uliyouliza ndiyo siku sukari ya msaada iliisha mbele yako.

Akaanza Mama Pamela, muuza samaki, na karai lake kichwani. Akaingia nyuma ya gunia la mahindi. Nikamkimbilia.

"Mama, hii ni darasa."

"Sawa, Madam, hata mimi nitasoma. Wanapima kilo ngapi kwa mtu?"

Kabla sijamjibu wameshaingia kumi nyuma yake, na wazee wenye kofia wakaenda kwenye kigoda, na vijana mafundi wa jua kali kwenye duka, na nikasikia huko nyuma mmoja anauliza, "Omera, hii laini ni ya nini?" na mwenzake anamjibu kwa hasira, "Wewe ingia tu, utapitwa!" Nikapuliza kipenga. Kosa jingine hilo, kwa sababu waliposikia kipenga wakajua mambo ni rasmi, wakanyoosha mistari.

Kule kwenye baraza Chifu akabaki na viti vitupu na kasisi mmoja aliyekuja kufungua kwa maombi. Akaja mbio kutafuta watu wake, kasisi nyuma yake, amevaa kofia ya khaki, jasho linatiririka. Akasimama, akaona milolongo, akaona picha, akaona kijana wake mwenyewe yuko mbele ameshika karatasi juu. Mtu wa kawaida angeuliza kuna nini. Lakini Chifu hawezi kuuliza kuna nini katika lokesheni yake, ataonekanaje? Nikaiona akili yake ikizunguka: kuna kiti kinachogombewa, kuna wagombea, D.O. yuko njiani, na hii kitu imeanza bila mimi.

"Chifu, samahani, hii ni somo la..."

"Madam, kaa kando. Usivuruge zoezi."

Akachukua fimbo yake, akapita akihesabu vichwa kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kwa utaratibu mzuri kabisa. Sufuria akahesabu mpaka akachoka. Gunia akahesabu. Akafika kwa mwanawe, akahesabu wale watatu, akakohoa. Wakati huo Land Rover ya D.O. inakata kona kuingia kiwanjani. Chifu akapanda juu ya jiwe la msingi la maabara (maabara yenyewe haijajengwa hadi leo), akapaza sauti:

"Wananchi! Kwa mamlaka niko nayo, mimi Chifu wenu natangaza ya kwamba mshindi, na tena kwa kura nyingi, ni huyu kijana Otieno! Hongera! Otieno, ongea na watu."

Na watu wakapiga makofi! Hakuna aliyeguna, hata wale wa sufuria, maana hayo ya mlolongo mfupi tulikuwa tumeyazoea. D.O. akashuka, kijana mtanashati kutoka mkoa mwingine, akasimama asikilize. Na Otieno, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kukumbuka kazi niliyompa, siku hiyo alikumbuka kila neno.

"Sisi tunaamini binadamu anaweza kujitawala mwenyewe! Serikali ndio inaleta taabu! Tukiingia hakuna kodi, hakuna polisi, hakuna D.O., na hakuna Chifu!"

Halafu Mama Pamela akasema, "Yawa! Hata kodi ya soko?" Akachukua karai lake, akahamia kwa Otieno, na nusu ya kiwanja ikamfuata.

Chifu alibaki juu ya jiwe. D.O. akatembea polepole mpaka kwenye ile karatasi.

"Hii kiti imepinduliwa na nani?"

Mnajua watu walionyesha nani. Vidole vyote. Hata Mama Pamela, ambaye asubuhi hiyo nilinunua kwake samaki. Hata Chifu, akiwa bado juu ya jiwe: "Ni huyu mwalimu, Bwana D.O., mimi nilikuwa nachunguza tu."

Nikaanza kueleza silabasi, itikadi, imani kuu, na huku kichwani naona basi la kaskazini, vumbi lake, na mtoto dirishani ananipungia mkono, "Kwaheri, Anti."

D.O. akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza: "Na wewe mwenyewe, mwalimu, unasimama wapi?"

"Mimi... kwa serikali, Bwana D.O."

"Laini ya serikali iko wapi?"

Nikatazama kiwanja kizima. Itikadi sita nilizipanga, hiyo nikaisahau!

D.O. akaenda akasimama kando ya mlingoti wa bendera. "Wanaosimama na serikali, hapa."

Ndugu zangu, nilikimbia. Sikutembea, nilikimbia, nimeshika sketi kwa mikono miwili, nikampita Chifu aliyeruka kutoka kwenye jiwe, nikampita kasisi, nikaingia kwenye tope chini ya bomba, kiatu kikabaki humo, nikaanguka kifudifudi mbele ya viatu vya D.O., nikaamka bila miwani wala kiatu, uso mzima matope, na kidole kimoja juu kama walivyofanya watu wa chama tawala. Nilikuwa wa kwanza. Lokesheni yote ikaja nyuma yangu, mlolongo mmoja mpaka barabarani, na wa pili baada yangu alikuwa Otieno.

D.O. akatabasamu, akasema somo limeeleweka, baraza lifanyike hapo hapo. Sikuhamishwa. Tena Chifu alinisifu kwa kipaza sauti na kunifanya kiongozi wa akina mama wa chama, kazi niliyoifanya kwa miaka mitatu nikicheza ngoma kila mgeni akija.

Kesho yake nikaingia darasani. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Adhiambo akainua mkono.

"Madam, ile laini ya mwisho, itikadi yake inaitwaje? Na imani zake kuu ni gani? Inaweza kuja kwa mtihani."

Nikachukua chaki nikitafuta uongo mzuri, sikuupata. Usiku uliopita mtoto alikuwa amelala kwangu, na kabla ya kufumba macho aliniita Mama. Basi nikawaambia ukweli: "Jina sijui. Imani yake kuu ni moja, mtu anataka kulala nyumbani kwake." Nikawaona wanainama, wanaandika.

Tangu siku hiyo nafundisha itikadi watu wakiwa wamekaa, mlango umefungwa, na simuulizi mtu anasimama wapi. Muhula ule niliweka swali kwenye mtihani, taja itikadi za kisiasa na imani zake kuu, na karibu darasa zima likaongeza mwishoni: kulala nyumbani. Nikapata shida na kalamu yangu nyekundu. Nikawapa wote alama.