Gari la Kupandisha Vifaranga Mlimani

Mtaani walimwita Mama Vifaranga, na ungewauliza wajukuu wake jina lake la kuzaliwa, wangekuna vichwa. Chumba cha nyuma, walimolala watoto wake zamani, alikuwa amekigeuza cha mashine za kutotolesha mayai. Ukifungua mlango, joto linakupiga usoni. Vifaranga wakishakauka manyoya aliwapanga kwenye maboksi yenye matundu, na siku hiyohiyo ilibidi wafike kwa wafugaji. Kifaranga mchanga hana subira: baridi ikimpiga, amekwisha.

Wateja wake wengi walikuwa juu mlimani, ambako lami haikufika, na mvua zikianza, udongo uliteleza kama sabuni. Kwa miaka mingi alikodi gari dogo la jirani. Msimu mmoja wa mvua gari lile likakwama katikati ya mpando, dereva akagoma kuendelea, na Mama Vifaranga akakaa kiti cha nyuma na maboksi yake akisubiri watu wa kulisukuma. Mwanzoni vifaranga walipiga kelele. Baadaye wakaanza kunyamaza, boksi moja baada ya jingine.

Alipofika nyumbani alimwambia mumewe, mwalimu mstaafu, kwamba atanunua gari lake mwenyewe, kuukuu lakini la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Mwalimu alimkumbusha kwa upole kwamba hata kuendesha hajui.

"Kuendesha nitajifunza," alisema. "Mlima ndio hauwezi kujifunza kushuka."

Akajifunza kweli, na umri wake ule, akizimikiwa na gari kwenye makutano huku wenye haraka wakimpigia honi. Mtihani wa kwanza alianguka. Wa pili akapita, akaiweka leseni mezani mbele ya mumewe.

Binamu yake, fundi wa magari aliyeitwa Nyundo, ndiye aliyemfundisha kununua. Alimwambia injini isikilizwe ikiwa imelala baridi, maana ikishapashwa moto huficha maradhi yake. Akamwambia aogope kutu ya chini kuliko mikwaruzo ya juu. Zaidi ya yote, asibebe akiba yote kwenda kununua, kwa sababu mahari ya gari kuukuu hulipwa mara mbili: kwa mwenye gari, kisha kwa fundi.

Wote watatu walianzia kwenye yadi ya dalali mmoja aliyemwita kila mtu shemeji. Alikuwa na gari jeupe linalong'aa hata ukajiona sura. Mwalimu aliingia, akakalia kiti cha ngozi, akawasha redio, alikuwa ameshalipenda. Mama Vifaranga aliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto. Dalali akaeleza kwamba alilisogeza kidogo tu kivulini. Mama akamwomba asiliwashe, watarudi kesho yake asubuhi. Waliporudi, boneti ilikuwa ya moto tena.

Akatandika boksi lililofunguliwa, akalala chali chini ya gari pamoja na Nyundo.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," mumewe alitania kutoka kitini.

Chini kulikuwa kumepakwa rangi nyeusi mbichi. Nyundo aligusa chesisi, fremu inayobeba gari zima, kwa bisibisi, nayo ikazama kana kwamba ni mkate. Mama alimwita mumewe aje aone. Mwalimu aliinama, akatazama, akarudi kuzima redio. Walipokuwa wakielekea getini dalali aliteremsha bei, kisha akateremsha tena.

"Chema chajiuza, shemeji," Mama Vifaranga akamjibu, na hakugeuka nyuma.

Baada ya hapo aliona magari mengi. Moja lilitoa moshi wa buluu, jingine namba za chesisi hazikulingana na za kwenye kadi. Mwalimu alianza kusema labda wasubiri mwaka mwingine. Yeye alifua nguo zake za kulalia chini ya magari, akaendelea kuulizia.

Mteja mmoja ndiye aliyemwelekeza kwa mpima ardhi mstaafu, mgane, aliyekuwa na gari chini ya banda la mabati. Mwili wa gari ulikuwa wa rangi ya vumbi, mlango mmoja wa kijani, viti vimechanika hadi sifongo inachungulia. Lakini lilikuwa baridi kabisa. Lilikohoa, likakohoa tena, likawaka, na moshi wake ulikuwa safi. Chini, bisibisi iligonga chuma kizima.

Mzee alisema linavuta kote. Mama akaomba walijaribu kwenye udongo laini nyuma ya nyumba. Magurudumu ya nyuma yalichimba, ya mbele yakatulia tu kama wageni. Mzee alifadhaika; tangu astaafu hakuwa ameigusa ile gia ndogo ya kuunganisha magurudumu ya mbele. Mwalimu akamnong'oneza mkewe waondoke.

Nyundo alidhani ni vifungio vinavyoyashikisha magurudumu ya mbele kwenye ekseli vilivyoganda, ila asingeweza kuapa. Kama ubovu uko ndani ya gia, hasara ingekuwa kubwa. Mama Vifaranga hakutaka kubahatisha wala kuondoka. Alimwomba mzee ruhusa wafungue gurudumu moja palepale. Mzee alisitasita, mtu wa mwisho kuja na spana alitaka kulikata auze vipande. Mwishowe akakubali. Ndani walikuta grisi imekauka kama udongo wa kichuguu, na meno ya kifungio mazima: Nyundo alikisia sawa.

Likabaki suala la bei. Mama alitaja alichotenga cha kununulia, na mzee akasema ni kidogo mno.

"Mzee wangu," alisema, "nikiongeza hapo sitaweza kulitengeneza. Litalala kwangu kama linavyolala hapa."

Mzee alilizunguka gari lake taratibu, mkono juu ya bati. Kisha akaenda ndani kuleta kadi.

Matengenezo yalimeza akiba iliyobaki, na mvua zilikuwa hazijakwisha. Safari ya kwanza Mwalimu alipakata maboksi, maana paa lilivuja upande wa nyuma. Chini ya mpando Mama aliteremka, akafunga vifungio vya mbele kwa mkono wake huku akilowa, akarudi kuingiza gia. Katikati gari liliteleza upande upande. Mumewe alishika dashibodi. Mama aliondoa mguu kwenye mafuta, akaliacha litulie, akakanyaga tena polepole. Magurudumu ya mbele yaliuma udongo, likapanda.

Juu alikuta mteja mmoja amekata tamaa na kununua kwingine. Wengine walipokea maboksi, na vifaranga walikuwa wakilia kwa nguvu zote. Mama mmoja mfugaji, akitazama ile barabara, aliuliza kama wiki ijayo atakuja hata ikinyesha.

"Wewe washa jiko la banda mapema," Mama Vifaranga alimwambia, akipangusa matope usoni. "Mimi nakuja."