Dorothea na Farasi Wasiokanyaga Umande

Watu wa pwani wakisikia kwamba Dodoma kulikuwa na mwanamke wa Kigogo aliyejua kupanda farasi kuliko wanaume wote wa wilaya tatu, swali lao la kwanza huwa ni kama alivaa suruali. Alivaa. Ilikuwa ya kaki, imetolewa na shirika la umma lililomiliki ranchi, na kwa kuwa ilishonewa mwanaume mwenye kitambi, aliikaza kiunoni kwa kamba ya katani. Haya, la suruali limekwisha. Sasa tulieni.

Dorothea Matonya alizaliwa Kibakwe, kule milimani, mahali ambapo mtoto hujifunza kutembea akiwa anateremka. Kwao kulikuwa na punda wawili, na punda kwa Wagogo ni mnyama wa wanawake: ndiye mguu wa mama kisimani na mgongo wake mashineni. Mwaka 1983, akiwa na miaka kumi na tisa, aliwaswaga punda wale wawili hadi Makutupora kubeba zabibu msimu wa mavuno. Mavuno yalipokwisha, akafunga virago arudi. Siku hiyohiyo pampu ya Ranchi ya Chigongo, iliyokuwa ng'ambo ya mashamba ya mizabibu, ikafa. Akaombwa awabebee maji wiki mbili tu mpaka fundi aje. Fundi bado yuko njiani.

Ndipo alipowaona farasi. Walikuwa kumi, wa kuchungia ng'ombe. Dorothea alimtazama wa kwanza, akamzunguka, akadhani ni punda aliyesoma. Na kwa kuwa hakujua kwamba farasi huogopwa, alimshika sikio kama alivyozoea kwao, akamwambia, "Mbukwa," yaani salamu zako. Yule farasi jike akainamisha kichwa. Wachungaji waliokuwa uani wakaacha kutafuna miwa. Farasi yule alikuwa amemvunja mkono mmoja wao juzi tu.

Hakuna aliyemfundisha kupanda. Alianguka mara nyingi, na kila akianguka alicheka kwanza kabla wenzake hawajapata nafasi, ndiyo maana kicheko chao hakikuwahi kunoga. Baada ya mwaka alikuwa anapanda bila tandiko. Baada ya miwili wachungaji walikuwa wanamwita Bi Mkubwa, nusu kwa utani na nusu kwa hofu.

Ikaja masika mbaya ya mwaka 1988. Farasi walianza kukohoa, macho yakavimba, mapovu yakawatoka puani, na mnyama aliyekula vizuri asubuhi alizikwa jioni ya pili. Walikufa saba. Daktari wa mifugo alikuja na sindano, akaondoka na pole. Dorothea alilia siku moja, siku ya pili akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akajiuliza swali ambalo hakuna mwenye shahada aliyejiuliza: kwa nini wale watatu wamebaki?

Watatu wale walikuwa wale waliowazoea punda wake. Kila jua likielekea kuzama walijipenyeza na punda katika kibanda alichopikia, wakakaa humo kwenye moshi wa kinyesi cha ng'ombe, wakipiga chafya, mpaka umande wa asubuhi ukauke. Visubi, vile vijidudu vinavyouma jioni na alfajiri hata huvioni, havikuingia mle. Dorothea akafunga hesabu. Tangu siku ile ikawa sheria: farasi wake wako bandani kabla jua halijagusa vilima, moshi unafuka usiku kucha, na hakuna kwato itakayokanyaga umande. Awe meneja, awe mbunge, awe nani.

Watatu hao aliwabatiza upya. Jike la rangi ya kahawia aliliita Ruksa, kwa sababu zama zile kila kitu kilikuwa ruksa na yeye hakuwahi kuuheshimu mlango uliofungwa. Wa pili, dume lililohasiwa, alikuwa Bwana Shamba, kwa tabia yake ya kukagua mazao ya watu. Makutupora nzima inakumbuka mistari miwili ya mizabibu aliyoikagua mpaka mizizini. Wa tatu, naye dume lililohasiwa, alikuwa Mjumbe, maana hakuna jambo la jirani lililompita.

Miaka ikaenda. Shirika likachoka. Uzio ulianguka, mishahara ikawa inakuja kama mvua ya Bahi, na ng'ombe wengi wakaingia porini wakageuka wanyama pori wenye pembe. Kisha, mwaka 1996, ranchi ikauzwa, maana mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa kama maandazi. Aliyeinunua ni Mzee Rahimu, mfanyabiashara wa ng'ombe wa mjini Dodoma, mtu wa kanzu safi na neno moja. Babu wa babu yake alifika na misafara ya biashara, na Rahimu alipenda kukumbusha kwamba ukoo wao ulivuka nchi hii kwa miguu, bila farasi.

Alifika Jumanne na pikapu jipya linaloendeshwa na Marko, dereva aliyekuwa analifuta vumbi hata likiwa linatembea. Meneja wa zamani, Mzee Wambura, Mkurya wa Tarime mwenye sauti ya ngoma, akamtembeza. Wakafika bandani.

"Huu moshi ni wa nini?" Rahimu akauliza, kitambaa puani. "Mnabanika nyama?"

"Shikamoo tajiri," alisema Dorothea. "Ni chandarua chao."

"Marahaba, binti. Na wanafanya kazi saa ngapi?"

"Umande ukikauka. Jua likiinama tunarudi."

Rahimu akamgeukia Wambura. "Hawa farasi au makarani wa benki?"

Wambura akacheka mpaka kofia ikaanguka. Mjumbe akaiokota kwa meno na hakuirudisha.

Lakini tajiri hakuwa na utani mwingi. Alisema wazi kwamba farasi hawaliwi, hawakamuliwi, na yeye ana pikapu. Amekwisha kuzungumza na mtu wa Arusha mwenye watalii; lori lingekuja Jumamosi saa tano kuwachukua wote watatu. Mtu wa Arusha angejua nini kuhusu moshi? Angewaamsha alfajiri wapigwe picha kwenye umande, na masika ya kwanza tu wangekohoa.

"Tajiri," alisema, "ng'ombe wako wangapi kwenye karatasi uliyosaini?"

"Mia nne na kumi na mbili."

"Na zizini?"

Wambura akaangalia viatu vyake. Zizini walikuwa mia tatu na watatu. Mia moja na tisa walikuwa katika kichaka cha miiba upande wa magharibi, ambako hata mbwa huingia kinyumenyume.

"Marko atawatoa kwa gari," alisema Rahimu.

"Atawatoa kwenda Singida," alisema Dorothea.

Na kweli. Kesho yake Marko alikwenda akipiga honi kama bwana harusi. Ng'ombe waliposikia, waliinua mikia wakazama ndani zaidi, na pikapu likazama pia, kwenye udongo mweusi wa mbuga, mpaka milangoni. Marko alikanyaga mafuta mpaka kitu kikalia chini ya sakafu, kikanyamaza. Saa tano Dorothea alifika na Bwana Shamba, akafunga kamba kwenye bampa. Farasi akavuta, wachungaji wakasukuma, gari likatoka. Kurudi ranchini lilivutwa vilevile, na Marko njia nzima alikuwa akitazama upande mwingine kama mtu aliyepata lifti tu.

Jioni ile Rahimu alikaa kibarazani akichezea tasbihi.

"Haya binti. Ukiwaleta wote mia na tisa kabla lori halijafika, farasi wanabaki. Akipungua mmoja, wanapanda."

"Neno lako?"

"Sina la akiba."

Sasa msidhani Dorothea alikimbiza ng'ombe. Kukimbiza ni kazi ya wasiojua. Siri yake ilikuwa chumvi. Kwa miaka minane, kila ndama aliyezaliwa pale alilambishwa chumvi ya udongo ya Bahi, ile inayouzwa na akina mama sokoni, kutoka kiganjani mwake, chini ya shingo ya Ruksa. Ng'ombe wale hawakuwa wanamjua Dorothea sana. Walimjua Ruksa. Kwao harufu ya jike lile na ladha ya chumvi vilikuwa kitu kimoja, kama ubani na jeneza kwa watu wengine.

Alhamisi, umande ulipokauka, aliingia kichakani juu ya Ruksa, taratibu, mfuko wa chumvi ukining'inia kwenye tandiko. Hakupiga mluzi wala fimbo. Ruksa alipofika uwazi mdogo alisimama, akakoroma puani. Kimya. Kisha tawi likavunjika, pua yenye unyevu ikatokeza, na nyingine, na nyingine. Dorothea akageuza hatamu akaanza kurudi, na ng'ombe wakamfuata wakiwa mstari mmoja, kama watoto wa kipaimara nyuma ya askofu. Wambura, aliyepanda Bwana Shamba kwa kumkumbatia shingo, alibaki mdomo wazi.

"Kwetu Tarime," alisema, "ng'ombe huwa tunawafuata sisi."

"Ndiyo maana mnawafuata hadi kwenye mazizi ya watu," Dorothea alimjibu.

Siku ile waliingia arobaini na wanne. Ijumaa wakaingia arobaini na wawili. Wakabaki ishirini na watatu, nao walishikiliwa na fahali mzee aitwaye Mstaafu, ambaye hakuwa na haraka na jambo lolote. Dorothea aliwafikia jua likiwa limeinama. Mstaafu alisimama hatua ishirini mbele yake, akanusa, akapiga hatua moja. Akasimama. Vivuli vya miiba vilikuwa virefu, na Dorothea alihisi nyuma ya shingo yake kitu kidogo kikimuuma, kisichoonekana.

Kisubi.

"Dakika kumi tu," Wambura alinong'ona. "Anakuja. Dakika kumi, Dorothea, na umeshinda."

Alimtazama fahali. Akautazama mkono wake juu ya shingo ya Ruksa, ngozi ya jike lile ikitetemeka palipotua mdudu. Dakika kumi zile zilikuwa na kila kitu alichokuwa nacho duniani. Lakini Ruksa hakuwa ameweka dau lolote na tajiri.

"Tunarudi," alisema.

"Utawapoteza farasi!"

"Kwa lori nitawapoteza wakiwa wazima."

Akageuza hatamu. Ila kabla hajatoka kichakani alichomoa sindano ya kushonea magunia, ile aliyoichomeka daima kwenye ukosi, akatoboa kitako cha mfuko wa chumvi. Chumvi ikaanza kuvuja punje kwa punje, ikaandika mstari mweupe juu ya njia ya kwato za Ruksa, maili mbili mpaka langoni. Wambura aliona. Akatikisa kichwa, maana mawingu yalikuwa yamejaa mashariki, na mvua ikinyesha chumvi haitabaki.

Moshi ulifuka, farasi wakapiga chafya kama kawaida, na Dorothea hakuonja hata ugali wake.

Mvua haikunyesha. Dodoma bwana, ukiitaka haiji, usipoitaka pia wakati mwingine ina adabu.

Asubuhi, majani bado yana umande mweupe, ranchi nzima iliamshwa na mlio mmoja mzito. Nje ya lango alisimama Mstaafu, midomo imejaa udongo, akiligonga kwa pembe kama mtu aliyekuja kudai pensheni. Nyuma yake walikuwa wengine, wamejipanga, wanalamba ardhi. Rahimu alitoka na kanzu ya kulalia. Akahesabu mwenyewe, kidole hewani, mara ya kwanza na mara ya pili.

"Ishirini na wawili," alisema, na sauti yake haikuwa na furaha. Tangu jana alikuwa akiomba ashindwe yeye mwenyewe.

Dorothea alisogea langoni. Alitazama njia. Saa nne ikafika, umande ukakauka, na kwa mbali wakaona vumbi la lori la Arusha. Wambura akavua kofia, ile yenye alama za meno.

Ndipo Mjumbe, aliyeona kila kitu kabla ya watu, aliposimamisha masikio upande wa kichaka. Akatokea ng'ombe mweupe mwenye baka jeusi, anatembea polepole sana, anasimama, anatembea. Ubavuni mwake kulikuwa na kitu chenye miguu inayopishana. Alikuwa amezaa usiku, naye asingeweza kuja kwa mwendo wa wengine. Walipita langoni lori likiwa linapiga breki.

Rahimu akahesabu mara ya tatu, akachekea ndevuni. "Mia na kumi. Nilisema akipungua. Akizidi sikusema."

Dereva wa Arusha akateremka. "Farasi wako wapi, mzee?"

"Farasi wako kazini. Lakini usirudi mtupu, mwanangu. Lile pikapu gia imekufa. Nipitishie gereji mjini."

Marko alipanda nalo, amelikalia kama mfiwa.

Ndama yule aliitwa Zaidi. Dorothea akawa msimamizi wa ng'ombe wote wa Chigongo, na farasi watatu wakazaa mpaka wakawa saba, yaani kazi hiyo ilikuwa ya Ruksa na dume lililokopwa, maana Bwana Shamba na Mjumbe walibaki kukagua tu. Hakuna hata mmoja aliyekohoa, hata katika mvua kubwa ya miaka miwili baadaye iliyozoa madaraja.

Na tajiri? Jumapili ile, kesho yake baada ya lori, alikuja bandani alfajiri, kanzu ameikunja mpaka magotini, kwa mara ya kwanza katika ukoo wake akitaka kupanda farasi. Akauweka mkono kwenye tandiko la Ruksa.

"Nipandishe, binti."

Dorothea akamsogezea ile ndoo, akaipindua, akaipangusa kwa kiganja.

"Karibu ukae, tajiri. Chai iko jikoni. Umande haujakauka."

Mzee Rahimu akakaa kwenye moshi, akapiga chafya, akangoja.