Ijumaa ya Bi Esha na filamu inayoanzia mwisho

Saa mbili asubuhi, Kizingitini. Bi Esha amechuchumaa mbele ya kapu la kamba koche, wale kamba wakubwa wa miambani, na anamgusa kila mmoja mkiani kwa kidole. Anayejikunja anaviringishwa ndani ya gunia bichi, tayari kusafirishwa akiwa hai. Asiyejikunja anawekwa kando, na bei yake inashuka palepale.

"Huyu yu hai. Huyu yu hai. Huyu, maskini, tumemkosa," anasema bila kuinua uso.

Ni kazi ambayo ameifanya kwa zaidi ya miaka ishirini katika banda hili la mnunuzi wa samaki. Siku njema humpa shilingi mia saba. Siku mbaya hurudi nyumbani na harufu mikononi, basi. Leo ni Alhamisi, na wenzake wanamtania kwa sababu wanajua kesho atakuwa na nani.

"Kesho ana miadi na zimwi," anasema Tima, jirani yake ambaye pia hufanya naye kazi.

Zimwi lenyewe limo kwenye sahani ya video. Ijumaa banda hufungwa, na Bi Esha, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, hukaa nyumbani kutazama filamu za kutisha za zamani, zile zilizotengenezwa kwa pesa za kuungaunga. Damu ya humo ina rangi ya sharubati. Popo ni wa karatasi, wananing'inia kwa uzi. Zimwi ni la mpira, na kila likigeuka zipu inaonekana mgongoni.

"Majini yapo, tumeyasoma kwenye dini," anasema Bi Esha. "Lakini yule wa zipu hanitishi. Mimi humuonea huruma kwa joto alilokuwa nalo mle ndani."

Bi Esha alizaliwa Mkomani, mjini Lamu, akaolewa huku Kizingitini na Husein, fundi wa injini. Husein ndiye aliyeleta deki, televisheni na filamu. Wanawake wa mtaa wakazoea kuja kila Ijumaa baada ya swala. Kwa kuwa haikuwa adabu mwanamume kukaa kati yao, Husein alikaa upande wa pili wa pazia la mlangoni, akawasimulia kutoka huko.

Kiingereza hakukijua hata kidogo. Aliitazama filamu peke yake kwanza, akatunga maneno yake, kisha siku ya Ijumaa akasimulia kwa kufuata milio tu.

"Mara nyingine hupotea ndia," anakumbuka Tima. "Yeye atwambia zimwi limeingia, sisi twaona watu wamekaa wanakula keki."

Lakini kosa kubwa lilikuwa jingine. Kila filamu ilikuwa na sahani mbili, na kasha lake lilifunguka kama kitabu, sahani moja kulia na nyingine kushoto, bila nambari. Husein, ambaye masomo yake yote yalikuwa ya Qurani, alianza na ya kulia, kama anavyofungua msahafu, na kama alivyofunzwa kutanguliza kulia katika kila jambo la heri.

Hivyo kwa miaka mingi mtaa mzima ulitazama nusu ya mwisho kwanza. Filamu ilianza na watu wakikimbia, wakauawa mmoja baada ya mwingine. Walipokwisha, Husein aliomba itiwe sahani ya kushoto, na wafu walewale wakatokea wazima, wamejaa kwenye gari, wanaimba, wanakwenda kutembea ziwani. Msimulizi mwingine angeduwaa. Husein alikuwa na jibu.

"Alitwambia, msilie, yale ya kwanda yalikuwa ndoto, sasa wamezinduka," anasema Bi Esha. "Sote tukashusha pumzi. Ndipo tukaweza kwenda kulala."

Binti yao Rumaisa ndiye aliyegundua kosa, aliporudi likizo kutoka chuo cha ualimu. Husein alicheka mpaka akakohoa, lakini hakubadilisha kitu. Wanawake nao walikataa katakata. Nani anataka kuanza na vicheko amalizie na maiti?

Husein alifariki mwaka juzi kwa maradhi ya figo. Bi Esha alikaa eda, na muda wote huo televisheni na deki zilikaa chini ya kanga. Alipozifunua, chumvi ya hewani ilikuwa imeanza kuila deki, na sahani zimeota ukungu. Tangu hapo hutazama peke yake.

Ijumaa inafika. Mwandishi wa makala haya, kwa kuwa ni mwanamke, anakaribishwa ndani. Pazia bado lipo mlangoni. Bi Esha anamimina kahawa, anatia sahani ya kulia, na zimwi linatoka ziwani likiburura miguu. Msichana anakimbia, anajikwaa.

"Sema Bismillahi, mwanangu," Bi Esha anamwambia msichana wa kwenye kioo. Msichana anapiga mayowe tu.

Wote wanapokwisha, anatia ya kushoto. Deki inakoroma. Gari linatokea, mkono wa mtu unapunga dirishani, kisha picha inakwama na kioo kinageuka buluu. Anaitoa sahani, anaifuta kwa ncha ya leso, anairudisha. Mkono ule unapunga tena, unakwama tena.

"Tangu nitoke eda hainipi sehemu hini," anasema taratibu. "Hunipa wafu tu. Mimi namtamani Husein, sioni haya kusema. Namtamani akae pale aniambie na mimi kuwa ilikuwa ndoto."

Rumaisa alimtilia filamu ileile kwenye simu, safi, kuanzia mwanzo wake halisi. Bi Esha aliitazama mara moja tu. Ilimwachia maiti mwishoni, akaifuta.

Sasa anapanga kwenda Lamu Jumatatu na sahani zote mbili mkobani. Austin, fundi wa simu na redio aliyetoka bara, amemwambia atajaribu kuisafisha ile ya kushoto na kuzihamishia zote mbili kwenye flashi. Hakumwahidi kitu.

"Nilimwambia, Bwana Austin, tia ya kulia kwanda. Akanambia, mama, hiyo ndiyo mwisho. Nikamwambia, wewe fanya kama ninavyokwambia."

Na sahani ya kushoto ikikataa kabisa? Bi Esha anakusanya vikombe vya kahawa kabla ya kujibu.

"Ikikataa, nitawaita Tima na wenzangu kama zamani. Tutatazama ya kulia mpaka wafe wote. Kisha nitatoka nikakae upande ule wa pazia. Sijapata kukaa kule hata siku moya," anasema. "Nitawambia wamezinduka, wamo garini, wanaimba. Sauti yangu si yake. Lakini maneno yake nimeyahifadhi yote."